Usingizi wa Dereva Mianda

Mianda alisema kweli, na kweli ndiyo iliyomponza. Angeweza kusema breki zilikataa. Angeweza kusema vumbi lilimziba macho, au kwamba usukani ulikaza, jambo ambalo kwenye malori yale ya kubeba mawe hutokea kila wiki. Madereva wenzake walikuwa wameshamwandalia maneno hayo kabla hajashuka. Lakini mkubwa wa zamu alipofika mbio na kumuuliza imekuwaje, Mianda alitazama viganja vyake, akajibu: "Nilikuwa nalala, shefu."

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, shimo lote la mgodi linaonekana hadi chini. Lori lake, lenye magurudumu marefu kuliko mtu, lilikuwa limeacha njia, likapanda tuta na kukiponda kibanda cha bati alimokaa Mwamba, karani wa kuandika safari za malori. Mwamba hakufa. Walimtoa chini ya mabati akiwa na fahamu zake zote, akiuliza kiatu chake kiko wapi. Siku hiyo hiyo hospitali walimkata mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti.

Walimnusa Mianda mdomo wakitafuta pombe, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaochagua samaki sokoni. Hakunuka kitu. Wakamrudisha Kapata, mtaa wa wafanyakazi, mchana kweupe kwa gari la Kampuni, majirani wakitazama kutoka vibarazani, na karatasi mkononi: asimame kazi mpaka baraza la nidhamu litakapomwita. Kosa lake lilikuwa limeandikwa kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa. Kulala kazini.

* * *

Mke wake, Ntumba, alikuwa uani akichambua majani ya muhogo ya kupika sombe. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua.

"Na Mwamba?" aliuliza. "Eko muzima?"

"Eko muzima. Balimukata muguu."

Hapo mikono yake ilisimama. Hakulia. Hasira ndiyo iliyomjia kwanza, na haikuwa hasira ya kumkasirikia Mianda.

Alikuwa anajua. Kwa miaka mitatu yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua. Nyumba za Kapata zimejengwa mbili mbili, ukuta mmoja kati, na mama Ernestine wa upande wa pili alikuwa hugonga ukuta huo kwa mchi wa kutwangia, kwa jinsi Mianda alivyokoroma. Lakini mkoromo haukumtisha Ntumba. Kilichomtisha ni pale mkoromo ulipokatika. Kifua cha mume wake kilihangaika, tumbo likavutwa ndani, lakini hewa haikuingia. Ntumba alilala macho akihesabu. Ishirini. Thelathini. Kisha Mianda hushtuka kama mtu aliyetolewa majini, huvuta pumzi kwa kishindo, hugeuka, na yote huanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu. Husema tu kichwa kinamgonga, mdomo umekauka, na amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya kulala.

Mchana usingizi ulimfuata popote. Alilala kanisani watu wakiwa wamesimama. Alilala mkono wake ukiwa ndani ya sahani ya bukari, ugali bado wa moto. Kwenye kilio cha baba yake Ntumba alilala akakoroma mbele ya wakwe zake wote, na shemeji zake hadi leo hawamsalimii vizuri. Wiki za zamu ya usiku ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Alirudi alfajiri kutafuta usingizi mchana, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kiwanja ambapo wachezaji wa Chama walifanya mazoezi ya nyimbo za kumsifu Kiongozi, ngoma tatu na filimbi. Hakuna mtu aliyewaomba wapunguze sauti. Kuomba hivyo ilikuwa sawa na kuuliza njia ya gerezani.

Na si kwamba hawakwenda hospitali. Walikwenda mara mbili. Mara ya kwanza Mianda alipewa dawa ya malaria. Mara ya pili daktari wa Kampuni alisikia neno usingizi, akafikiria ule ugonjwa wa mbung'o, akaamuru atobolewe uti wa mgongo kwa sindano. Mianda alikaa siku tatu akitapika, hawezi kuinua kichwa. Hawakuona ugonjwa wowote. Ntumba alipojaribu kueleza habari ya pumzi, daktari alicheka kwa upole.

"Kukoroma si ugonjwa, mama. Hata mimi nakoroma. Bwana yako anahitaji kulala vizuri, basi." Akaandika vidonge vyeupe, kimoja kila anapokwenda kulala.

* * *

Siku ya tatu baada ya ajali Ntumba alikwenda hospitali kumwona Mwamba. Alibeba sufuria ya kuku na bukari, imefungwa kwa kitambaa safi. Njia nzima alipanga maneno, na alipofika mlangoni yote yalimtoka.

Mwamba alikuwa amelala kwa nguvu ya dawa. Pembeni ya kitanda alikaa mke wake, Agnès, mwanamke mwembamba aliyefundisha katekisimu kwa watoto wa parokia. Alimtazama Ntumba, akaitazama sufuria.

"We njo muke ya ile mutu?"

"Njo miye muke yake, mama. Nilikuya kusema pole."

"Anakula?"

"Mama..."

"Mi nakuuliza. Anakula? Analala muzuri?"

Wagonjwa wa vitanda vingine walinyamaza ili wasikie. Agnès aliichukua ile sufuria kwa mikono miwili, akatoka nayo, akaiweka chini nje ya mlango, pale zinapoachwa ndoo za maji machafu. Hakuimwaga. Akarudi akakaa.

"Bwana yako alilala, na wangu balimukata. Siku batamufukuza, mi nitaenda ku kanisa kuwasha mushumaa."

"Ile ni ugonjwa, mama," Ntumba alisema. "Akilala, pumuzi inasimamaka. Mi mwenyewe nahesabuka, kila busiku."

"Toka."

Akatoka. Aliinama kuokota sufuria yake kati ya ndoo, na uso ulikuwa unamwaka moto. Hakuweza hata kumchukia yule mwanamke. Angekuwa yeye, angeimwaga.

* * *

Karibu na lango alisikia viatu nyuma yake. Alikuwa muuguzi wa ile wodi, mzee Mbayo Séraphin, mtu wa nywele nyeupe aliyebakiza miezi michache kustaafu.

"Mama, simama kidogo. Ulisema pumuzi inasimama. Inasimama namna gani?"

Katika miaka mitatu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Ntumba aliweka sufuria chini na kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, pale pale uani. Alikoroma, akakata, akatikisa tumbo huku amefunga koo, kisha akavuta hewa kwa kishindo. Wanawake wawili waliokuwa wanapita walicheka. Mbayo hakucheka.

"Shingo yake ni nene?"

"Nene. Tangu alianza kuendesha benne, ile lori ya mawe, alinona."

"Analalaka mugongo chini?"

"Kila siku. Na pumuzi, ni myaka tatu sasa inasimama."

Mzee akamwelekeza kwenye ukingo wa saruji, wakakaa. Alikuwa amefanya zamu za usiku kwa miaka thelathini, akawasikia watu wengi wakilala.

"Kule nyuma ya lulimi kuko fasi ndogo ya hewa kupita," alisema. "Mutu akilala, nyama ya koo inaregea, inakuwa laini. Kwa batu bengine inaanguka, inafunga. Hewa haipite tena. Pale mwili unaogopa, unamuamusha kidogo tu, yeye mwenyewe hajue. Koo inafunguka, anarudia kulala, inafunga tena. Pengine mara mia mu busiku moya. Asubuhi anafikiri alilala. Hakulala. Mama, bwana yako eko na myaka tatu bila kulala."

Ntumba alikuwa akijua hivyo kwa muda mrefu, lakini hakuwahi kulisikia kutoka mdomo wa mtu mwingine.

"Anakunywa lutuku?"

"Zamani. Aliacha."

"Muzuri. Pombe inaongeza. Kuko dawa balimupatia?"

"Ya kulala. Bidonge ya mweupe."

Mzee Mbayo aligeuka kumtazama. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi ya pili."

"Na tangu pale?"

"Tangu pale siku ingine nahesabuka mpaka hamusini mbele avute pumuzi."

Mbayo alivua kofia yake, akaishika magotini. "Ile dawa inaregeza nyama," alisema. "Koo yake ilikuwa inafunga, balimupatia dawa ya kuifunga zaidi. Na inabaki mu damu mpaka asubuhi, pale yeye eko mu benne. Nani aliandika?"

"Ni ninyi," alisema Ntumba. "Ni hapa."

Mzee hakujitetea. Alimwambia vidonge vile visiachwe kwa mara moja, vipunguzwe nusu nusu kwa siku kadhaa. Asilale chali hata siku moja: amshonee mfuko nyuma ya fulana, katikati ya mabega, na ndani yake aweke bonge la kitambaa kigumu, ili kila akigeuka chali limrudishe kwa ubavu. Kitanda kiinuliwe matofali upande wa kichwa. Chakula cha jioni kiwe mapema na kidogo, mwili upungue. Na zaidi ya yote, atolewe kwenye zamu za kugeuka geuka, alale saa ile ile kila siku, na asiguse usukani.

"Uandike ile yote ku karatasi, tata," Ntumba aliomba. "Nipeleke kwa baraza."

"Mi ni infirmier, mama. Saini yangu inafikaka ku kitanda. Haifikake ku bureau. Daktari njo anaandika, na daktari hawezi kuandika juu ya kosa yake." Alivaa kofia. "Lakini fiche ya bwana yako, ile karatasi ya hospitali, nitakupatia. Iko na tarehe, iko na saini. Useme uliokota."

* * *

Mianda hakutaka fulana yenye mfuko. Aliketi kitandani akiitazama kama mtu aliyeletewa nguo ya mtoto.

"Batanicheka."

"Nani anakuona busiku? Miye."

"Mama Ndaya, ikiwa ugonjwa, isiwe ugonjwa, Mwamba hana muguu. Ni mi nilimukata. Unataka niende kule niseme ni koo?"

Ndaya, binti yao, aliyekuwa akipiga pasi sare yake ya shule, alitoka nje ili asisikie baba yake akisema kwa sauti ile.

"Utasema ile yote," Ntumba alijibu. "Muguu ni yako. Bidonge ni yabo. Kila mutu abebe yake."

Aliivaa. Usiku wa kwanza hakulala, wala Ntumba. Usiku wa nne mkoromo ulikuwa mdogo, na mara ambazo pumzi ilikatika zilikuwa fupi. Asubuhi ya siku ya nane mama Ernestine alibisha mlango na bakuli mkononi, akiomba chumvi. Alichungulia ndani.

"Tata Ndaya alisafiri?"

"Eko hapa."

"Ah. Nilifikiri alisafiri. Kimya vile."

Ntumba alifunga mlango, akaegemea mbao. Alipaswa kufurahi. Lakini alichofikiria ni lile bonge la vitambaa, vipande vya kanga kuukuu na uzi, kitu ambacho mtu yeyote angemwambia miaka mitatu iliyopita kama angesikiliza kwa dakika tano. Alitamani kuvunja kitu. Akaenda kufua.

* * *

Baraza la nidhamu liliwaita saa mbili asubuhi. Hadi saa nane mchana walikuwa bado wamekaa kwenye benchi la ukumbini, wakitazama makarani wakienda kula na kurudi wakiwa wameshiba. Usiku uliotangulia Mianda alikuwa amegaagaa kwa wasiwasi. Walipomwita hatimaye, macho yake yalikuwa mekundu. Ntumba aliambiwa abaki nje, lakini kwa sababu ya joto mlango uliachwa wazi.

Ndani walikuwa wanne. Kisimba, shefu wa wafanyakazi, katika koti la abakosti la kijivu. Daktari wa Kampuni. Mjumbe wa wafanyakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali. Na mpiga chapa na mashine yake. Mianda alipewa kiti chenye mgongo mrefu chini ya feni.

Kisimba alisoma taarifa ya ajali kwa Kifaransa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kwenye ukurasa wa tatu kichwa cha Mianda kilianguka nyuma. Kwenye wa nne alikoroma.

Mjumbe aliziba mdomo akicheka. Kisimba aliweka karatasi mezani polepole.

"Munaona," alisema. "Mbele ya macho yetu. Hata haya hana. Mumuamushe."

"Musimuamushe."

Ntumba alikuwa ameshaingia. Alisimama kati ya meza na kiti cha mume wake.

"Citoyenne, hapa ni baraza," Kisimba alisema, kwa neno la serikali la kumwita raia wa kike.

"Najua fasi niko, shefu. Tangu saa mbili tuko ku ile benchi. Mutupatie dakika tano." Aligeukia upande wa pili. "Tata daktari, uko na saa ku mukono. Uangalie ile mushale ya seconde."

Huenda Kisimba angemfukuza. Lakini wakati huo mkoromo ulikatika, na chumba kizima kikasikia kwamba umekatika. Vidole vya mpiga chapa vilisimama juu ya mashine. Kifua cha Mianda kilipanda, tumbo likavutwa ndani, shingo ikatoka mishipa, na hakuna hewa iliyoingia. Ntumba alihesabu kwa sauti, bila haraka. Kumi. Kumi na moja. Alipofika ishirini na tano midomo ya Mianda ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alipofika thelathini mjumbe alisimama, kicheko kimemtoka usoni.

"Mumuamushe, mama," alisema Kisimba. "Atakufa hapa."

"Hapana, shefu. Vile njo analalaka. Vile vile njo munamupatia benne."

Kwenye arobaini na moja Mianda alivuta pumzi kwa kishindo kilichowafanya wote waruke, akageuza kichwa, akaanza kukoroma tena. Mara ya pili ilikuwa thelathini na sita. Mara ya tatu hakuna aliyemkatiza Ntumba. Walikuwa wanahesabu pamoja naye, midomo ikitembea bila sauti, hata Kisimba.

Daktari alishusha mkono wenye saa. "Nani alikufundisha mambo haya?" aliuliza. Huko ukumbini, karibu na mlango, mzee Mbayo alikuwa amesimama na bahasha aliyojifanya ameileta kwa karani. Ntumba hakutazama upande huo.

"Hakuna mutu alinifundisha. Mi nalalaka naye."

Kisha akaitoa ile fiche ndani ya kitambaa chake cha kiunoni, akaikunjua juu ya meza. "Hii njo saini yako?"

"Mama, dawa hii inatolewa dunia nzima."

"Mi sikuuliza dunia. Nilikuya kwako mara mbili, nikakuambia pumuzi inasimama. Ulicheka. Ulimutoboa mugongo, ulimupatia bidonge, ulimurudisha ku benne. Hii ni saini yako, ao haiko yako?"

Daktari alisema, kwa Kifaransa, kwamba kunahitajika uchunguzi zaidi. Mpiga chapa hakuandika. Alikuwa anamtazama daktari.

Mianda ndipo alipoamka. Aliona nyuso zote zimemgeukia, akaona mke wake amesimama mahali ambapo hakutakiwa kusimama. Alijifuta mate kidevuni kwa mgongo wa mkono.

"Munisamehe," alisema. "Nilikuwa nalala tena?"

* * *

Siku kumi baadaye zilitoka barua mbili. Ya Mianda ilisema hana kosa la nidhamu: yeye ni mgonjwa, hafai tena kwa kazi, na nyumba ya Kampuni airudishe kabla ya miezi mitatu. Vidonge havikutajwa. Ya Mwamba ilisema ajali ilisababishwa na ugonjwa ambao mfanyakazi mwenzake aliuficha, na kwa hiyo haki zake zitaangaliwa baadaye.

Agnès mwenyewe aliileta barua ya mume wake hadi Kapata. Alisimama uani, akakataa kiti.

"Inasema alificha. Alificha?"

Ntumba aliingia ndani, akatoka na fiche. Agnès alisoma Kifaransa vizuri. Alisoma tarehe ya kwanza, tarehe ya pili, jina la dawa, saini. Alisoma tena tangu juu. Mianda alikuwa amesimama kwenye kizingiti, hajui aweke wapi mikono.

"Mama Agnès," alianza, "mi..."

"Weye unyamaze," Agnès alisema bila kumtazama. Akamrudishia Ntumba karatasi. "Nilikuwa na mutu moya ya kukasirikia. Sasa beko babili. Bwana yako nitamurudilia nyuma, siku ingine. Kesho asubuhi unikute ku barabara."

Walikwenda mjini kwa mkaguzi wa kazi. Mara ya kwanza hakuwepo. Mara ya pili alikuwepo lakini alikuwa na wageni. Mara ya tatu aliwaambia warudi na waume zao, na Agnès akamjibu kwamba wa kwake atafika kwa mguu mmoja, kama anataka kumwona akipanda ngazi zile. Mara ya nne walikaa sakafuni mbele ya mlango wake, fiche na barua mbili mapajani, hadi akawa hawezi kutoka bila kuwaruka. Akaiandikia Kampuni barua. Na Kampuni, ambayo haikupenda barua hiyo isomwe Kinshasa, ikalegea.

Mwamba alipewa fidia na kiti kwenye ofisi ya simu. Mianda aliwekwa kwenye bohari la vipuri huko Dilala, mchana tu, cheo cha chini kuliko alichoanza nacho ujanani, chini ya kijana aliyemwita "mzee" kwa dharau. Nyumba ilibaki. Mzee Mbayo alistaafishwa miezi miwili kabla ya tarehe yake, bila sherehe, kwa sababu iliyoandikwa kuwa ni uchovu. Daktari alihamishwa: alipewa hospitali kubwa zaidi.

Mianda alilala kwa ubavu, akapungua mwili, na siku nyingi alimaliza kula bila kusinzia. Hakupona kabisa. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kumsalimu Mwamba. Mwamba alimpokea. Agnès alikuwa akitoka nje mpaka Mianda aondoke.

* * *

Kisha wanawake wakaanza kuja. Wa kwanza alimvuta Ntumba kando pale bombani, akanong'ona kana kwamba anaeleza ugonjwa wa aibu: bwana wake naye hulala mezani, na usiku hunyamaza ghafla. Wa pili alikuja na mtoto mgongoni. Wa tatu alisema wake alipewa vidonge vile vile, mwezi uliopita, na daktari mpya. Ntumba aliwauliza wote maswali yale yale aliyoulizwa na mzee Mbayo: shingo, mgongo chini, pombe, dawa, kichwa cha asubuhi. Aliwafundisha kushona mfuko. Na kila mara alimaliza kwa swali la mwisho: anatumika kazi gani?

Agnès aliandika majina, kwa mwandiko wake wa katekisimu. Majina yalipofika kumi na moja, tisa kati yake yakiwa ya madereva wa shimoni, yeye na Ntumba walivaa viatu vya kanisani wakaenda kwa Kisimba.

Shefu aliisoma karatasi akiwa amesimama. Alimaliza, akatazama nje dirishani, ambapo malori yalikuwa yanapanda kutoka shimoni moja nyuma ya jingine.

"Haya ni majina ya nini?"

"Ya batu banaendesha benne yako bila kulala," Ntumba alisema.

"Citoyenne, beko tisa. Nikibatosha bote ku benne, nani ataendesha? Munataka nifunge carrière, shimo nzima?"

"Hatutake ufunge kitu, shefu. Tunataka balale."

Kisimba aliisukuma karatasi juu ya meza, kuwarudishia. Ntumba akaisukuma tena hadi mbele yake. Kisha akavuta kiti bila kukaribishwa, akakaa, na Agnès akavuta cha pili.